Siku Nne Grignan: Kasri, Ukuta na Barua

Siku ya kwanza, Jumanne

Treni kutoka Lyon ilinifikisha Montélimar kabla ya adhuhuri, baada ya mwendo wa takribani saa mbili tukiufuata mto Rhône kuelekea kusini. Wafaransa wengi wanaujua mji huo kwa nougat, ile halua yao nyeupe ya asali na lozi, lakini mimi niliutazama kwa sababu nyingine. Jina la mji lenyewe limetokana na Monteil ya akina Adhémar, ukoo wa makabaila waliokuwa na ngome juu ya mji huu katika karne ya 12, na ambao baadaye walikuja kuishika Grignan, kijiji cha kusini-mashariki mwa Ufaransa nilichokuwa nakwenda.

Basi likakata mashambani kuelekea kusini-mashariki, safari isiyofika kilomita 30. Kasri linaonekana kabla ya kijiji. Limekaa juu ya jabali lililo peke yake katikati ya nchi ya mizabibu, mialoni na mashamba ya lavenda, ambayo mwezi huu wa Aprili bado yalikuwa ya kijivu, na nyumba za kijiji zimelizunguka jabali hilo safu juu ya safu, mfano wa watu waliokaa barazani kumsikiliza mzee mmoja. Maandishi ya mwaka 1035 tayari yanataja ngome mahali hapa. Katika karne ya 13 akina Adhémar wakawa mabwana wake, na makazi ya chini ya jabali yakakaa ndani ya ukuta. Mpango huo ulikuwa wa kawaida katika nchi hizi: bwana juu, watu chini yake, ukuta nje ya wote, na vita vikitokea wakulima huingia ndani ya lango pamoja na mifugo yao.

Mama mtu mzima mwenye nyumba ya wageni alinipokea kwa onyo kabla hata ya kunipa ufunguo: mlango wa nje ufunguliwe kwa mikono miwili, la sivyo upepo utaung'oa. Huo ndio mistral, upepo wa kaskazini unaoteremka bonde la Rhône kwa siku kadhaa mfululizo. Sisi wa pwani tunaojua kusi na kaskazi tumezoea upepo unaoleta jahazi na mvua, lakini huu hauleti kitu. Unakausha midomo, unasafisha mbingu mpaka zinang'aa, na usiku unapiga madirisha kama mtu anayedai deni.

Neno deni limenijia kwa sababu ndilo lililonileta. Kwa miaka kadhaa nimesoma habari za kasri hili, na karibu kila maandishi husifu uzuri wake, lakini ni machache yanayokaa kitako kuuliza gharama yake ilibebwa na nani. Nimekuja na swali hilo.

Siku ya pili, Jumatano

Nilipanda mapema. Njia ya mawe ya mviringo inalizunguka jabali, na kila inapopinda mtu huacha paa za nyumba chini yake, mpaka anafika kwenye ua mpana ambao upepo umeufanya uwanja wake.

Mwishoni mwa karne ya 15, wafalme wa Ufaransa walipoanza kupeleka majeshi Italia, makabaila waliofuatana nao waliona nyumba ambazo hawakuwahi kuziona kwao: nyumba za watu wakubwa zilizojengwa kwa vipimo na ulinganifu, zenye nguzo kama za Warumi wa kale, na zilizofunguka kupokea mwanga. Hicho ndicho kipindi kinachoitwa Renaissance, mwamko wa sanaa na elimu ya kale. Huko Grignan, Gaucher Adhémar ndiye aliyeanza kuigeuza ngome kuwa makazi, na mwanawe Louis akaikamilisha kazi hiyo katikati ya karne ya 16. Louis alikuwa mtu wa mfalme hasa. Alimwakilisha Roma kama balozi, akashika madaraka katika Provence, eneo la kusini-mashariki mwa Ufaransa, na mwaka 1533 mfalme François wa Kwanza mwenyewe alipita Grignan. Mwaka 1558 ardhi yake ikapandishwa hadhi, na bwana wa Grignan akawa na cheo cha comte, yaani kabaila wa daraja la juu. Lakini hakuacha mtoto. Jina la Adhémar likabebwa na mpwa wake, Gaspard de Castellane, mtoto wa dada yake, na tangu hapo wenye nyumba waliitwa kwa majina yote mawili.

Nilisimama muda mrefu mbele ya dirisha moja la upande wa kusini. Limegawanywa mara nne kwa msalaba wa jiwe. Kila upande una nguzo bapa iliyojitokeza kidogo tu kutoka ukutani, na ukipitisha kidole juu yake unahisi mifuo iliyochongwa kwa tindo, sawasawa toka juu hadi chini. Jiwe ni la rangi ya mkate uliookwa vizuri. Juu yake kuna dirisha jingine kama hilo, na pembeni jingine, zote zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja, na ukuta mzima unakuwa kama ukurasa ulioandikwa kwa mkono mzuri. Ngome ya zamani ilihitaji matundu membamba ya kupitisha mishale. Mtu anayefungua ukuta wake namna hii anatangaza kwamba hamwogopi jirani, na kwamba ana fedha za kununua vioo.

Ubunifu ulionishangaza kuliko yote, hata hivyo, uko chini ya miguu. Mbele ya kasri kuna baraza pana la mawe lenye ukuta mfupi pembeni, na kutoka hapo unaona mlima Ventoux, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,900, ukiwa na kilele cheupe kinachodhaniwa kuwa ni theluji hata wakati ambapo ni mawe matupu. Baraza hilo ni paa la kanisa. Louis Adhémar alijenga kanisa la Saint-Sauveur kuanzia mwaka 1535, likiegemea jabali, na juu ya dari yake ya mawe wenye kasri wakapata uwanja wa kutembea jioni. Kengele ilipolia saa sita, sauti haikutoka juu kama nilivyozoea. Ilipanda kutoka chini, ikapita katika nyayo za viatu vyangu. Nilifikiri juu ya wanakijiji waliokuwa wakisali humo karne baada ya karne, huku bwana wao akitembea juu ya vichwa vyao, na sikuweza kuamua kama alikuwa amewajengea kanisa au amejijengea baraza.

Ndani, nilipitia haraka vyumba vya mwanzo, maana samani zake zimekusanywa kutoka kwingi na zinaeleza zaidi ladha ya wakusanyaji. Ukumbi mrefu wa akina Adhémar ndio wa kukaa nao: sakafu ya mbao inayolia kwa kila hatua, kuta zilizofunikwa mbao, madirisha pande zote, na katika vyumba vinavyoufuata mazulia ya kutundika yaliyofumwa Aubusson. Hapa ndipo François de Castellane-Adhémar, comte wa Grignan, alipowakaribisha wageni wake katika karne ya 17, na hapa ndipo deni linapoanza.

Mwaka 1669, akiwa amefiwa na wake wawili, bwana huyu alimwoa Françoise-Marguerite de Sévigné, na mwaka huohuo mfalme Louis wa 14 akamteua kuwa naibu wake katika Provence. Gavana wa Provence hakuwa akikaa huko, kwa hiyo kazi yote ilimwangukia naibu: kufungua mabaraza, kusimamia kodi, kupokea mabalozi na maaskofu, kutuliza magomvi ya miji. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa lakini malipo yake hayakulingana na gharama zake. Mwakilishi wa mfalme alitakiwa aishi kama mfalme mdogo, meza yake isikauke, walinzi na wapishi na wanamuziki wasikosekane, na kilichopungua akitoe mfukoni mwake. Alitoa, na kilipokwisha akakopa. Kasri lililofunguliwa madirisha ili lionekane sasa lilidai kuonekana likiwa limejaa watu.

Mama wa yule bibi harusi alibaki Paris. Huyo ndiye Marie de Rabutin-Chantal, ambaye Wafaransa wote wanamjua kwa jina la Madame de Sévigné, mjane mwenye akili kali, aliyempenda binti yake kupita kiasi kinachoweza kuelezwa kwa adabu. Binti alipohamia Provence, mama akaanza kumwandikia, siku za wajumbe wa posta zisimpite, na hakuacha kwa robo karne. Zimehifadhiwa barua zake zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa kwa binti huyo. Ndani yake mna uvumi wa ikulu, mna vifo na harusi, lakini pia mna hofu ya mzazi anayeona watoto wake wakizama. Mara kwa mara anarudia somo lilelile: punguzeni wageni, punguzeni kamari, mnakula mali ambayo hamjaipata.

Alisafiri kuja Grignan mara tatu. Safari ya kwanza, mwaka 1672, ilimchukua zaidi ya wiki mbili kutoka Paris, kwa gari la farasi na kwa mashua juu ya Rhône. Alipenda mandhari, alipenda kware walionona kwa majani yenye harufu, na alilalamika juu ya upepo kama ninavyolalamika mimi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1695 aliandika kwamba wino umeganda katika vidau vyao na vidole vimekufa ganzi visiweze kuongoza kalamu. Nilisimama katika chumba kinachoitwa chake, koti likiwa limefungwa mpaka shingoni, mwezi wa Aprili, nikamsadiki.

Mwaka huohuo wa 1695 familia ilijaribu dawa ya mwisho. Mwana wa pekee wa kiume, Louis-Provence, aliozwa binti wa mkusanyaji kodi tajiri, ili mahari ambayo kwa desturi yao huletwa na mke isaidie kulipa wadai. Simulizi za zama zile zinadai kwamba Françoise-Marguerite, mama mkwe wa bibi harusi huyo, alisema hata mashamba bora huhitaji samadi mara kwa mara. Kama aliyasema kweli, bibi harusi hakustahili kuyasikia, maana fedha za baba yake ndizo zilizokuwa zikiishikilia nyumba isianguke.

Madame de Sévigné alifariki katika kasri hili tarehe 17 Aprili 1696, akiwa na umri wa miaka 70. Tarehe hiyo ina maana nyingine kwetu. Mwezi mmoja kabla, Machi 1696, majeshi ya Oman yalikuwa yameanza kuizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa, ngome iliyochorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa vipimo vya Renaissance hiyohiyo, na mzingiro huo ukaendelea hadi Desemba 1698. Bibi mmoja anazikwa chini ya baraza lake la mawe. Kwingine watu wanakufa kwa njaa na maradhi nyuma ya kuta zilizochorwa kwa elimu ileile ya ulinganifu. Nilikaa na wazo hilo kwenye ukuta mfupi wa baraza mpaka mlinzi alipokuja kuniambia kwa upole kwamba wanafunga.

Siku ya tatu, Alhamisi

Leo ilikuwa zamu ya kijiji. Nilianza kwenye lango la Tricot, ambalo mnara wake wa karne za kati uligeuzwa kuwa mnara wa saa, na hilo peke yake ni historia: mahali palipokuwa pa kumwangalia adui pakawa pa kuangalia muda. Ukuta wenyewe mgeni anaweza kuupita asiujue, kwa kuwa haukubomolewa wala haukuachwa wazi. Watu waliuegemeza nyumba zao. Unaona ukuta mnene usio na mapambo ukipanda kutoka bondeni, kisha ghafla kuna dirisha lenye pazia, kamba ya nguo na paka aliyelala. Ndani yake vichochoro vinazunguka jabali kwa kupanda na kushuka, vingine vikipita chini ya nyumba kama mapango. Grignan inajulikana pia kwa waridi, zaidi ya aina 400 zilizopandwa miguuni mwa kuta hizi, lakini nimewahi. Mashina yamechipua majani mekundu tu.

Kanisani nilikuwa peke yangu. Baada ya jua la nje macho huchukua muda kuzoea, na jambo la kwanza unalolitambua ni ukimya, maana upepo umekatwa na jabali. Bamba la mawe sakafuni linaonyesha mahali alipozikwa Madame de Sévigné. Nilitazama dari na kukumbuka kwamba jana nilikuwa nimesimama juu yake.

Yaliyofuata baada ya kifo chake yalikuja haraka. Louis-Provence alikufa kwa ndui mwaka 1704 bila kuacha mtoto. Mama yake akamfuata mwaka 1705, naye pia kwa ndui. Yule comte mzee aliendelea kumtumikia mfalme, akawa miongoni mwa walioulinda mji wa Toulon mwaka 1707 akiwa na miaka zaidi ya 70, na akafa mwishoni mwa 1714 akiwa njiani, katika nyumba ya wageni, akiacha madeni. Binti yake Pauline, aliyeolewa na kabaila wa ukoo wa Simiane, alipambana na wadai kwa miaka mingi, na mwaka 1732 akaliuza kasri kwa familia ya du Muy.

Kisha Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 amri za kubomoa ngome za makabaila zilifika mpaka hapa. Samani zikatawanywa, mapaa yakafunguliwa, mbao na madini ya risasi na mawe yakachukuliwa, na kuta zikaachwa zisimame kama mifupa. Hata kaburi la Madame de Sévigné halikusalimika. Ni rahisi kuomboleza, na mimi napenda mawe kiasi cha kuomboleza. Lakini nilipokuwa nikishuka kichochoro kimoja chembamba, chenye nyumba zilizobanana kati ya jabali na ukuta, nilijiuliza ningefanya nini kama babu yangu na babu yake wangelilipa kodi kwa ajili ya karamu ambazo hawakualikwa. Wadai walikuwa na mahakama. Mkulima hakuwa nayo, na siku alipopata nafasi alichukua alichoweza kubeba.

Nilishuka mpaka kwenye jumba la kufulia la mwaka 1840, la mviringo, lenye nguzo zinazolizunguka birika kama hekalu dogo, mahali ambapo wanawake wa kijiji walifua nguo kwa kupiga magoti. Ukisimama karibu nalo unauona uso wa kusini wa kasri juu kabisa. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa aliponiuliza kama nimelipenda. Nilimweleza habari za lile dirisha. Akatabasamu, akaniambia kwamba sehemu kubwa ya uso ule ni mdogo kuliko bibi yake.

Alikuwa sahihi, nami nilipaswa kukumbuka. Mwaka 1838 mtu wa hapa, Léopold Faure, alinunua magofu na kuanza kuyahifadhi. Aliyelirudisha hasa ni mwanamke, Marie Fontaine, aliyelinunua mwaka 1912. Kuanzia 1913 mpaka 1931 aliwalipa waashi na wachonga mawe kwa mali yake mwenyewe. Uso wa kusini ukajengwa upya kwa mfano wa ule wa karne ya 16, na utajiri wake ukaishia humo. Mwaka 1979 kasri likanunuliwa na serikali ya jimbo la Drôme, na sasa wanaolilipia ni walipa kodi na wanunuzi wa tiketi kama mimi. Nilirudi juu kabla ya saa ya kufunga nikaligusa tena dirisha langu. Mifuo ni ileile. Nilichokidhania kuwa ni mkono wa fundi wa Louis Adhémar yawezekana ni mkono wa fundi aliyefanya kazi kati ya vita viwili vya dunia, akifuata mistari ya mwenzake aliyemtangulia kwa karne nne, na heshima yangu kwa jiwe hilo haikupungua hata kidogo.

Siku ya nne, Ijumaa

Asubuhi nilikwenda katika nyumba ya zamani ya mwakilishi wa kabaila, ambamo sasa mna makumbusho ya uchapaji. Fundi alinipa kijiti cha chuma cha kupangia herufi na kuniacha nijaribu. Herufi za risasi ni baridi na nzito kuliko zinavyoonekana, na hupangwa kinyume, kwa hiyo jicho husoma kutoka upande usio wake. Ilinichukua karibu robo saa kuandika jina la kijiji, na herufi n niliigeuza mara mbili.

Hapo ndipo sehemu ya mwisho ya hesabu iliponikaa vizuri. Barua za Madame de Sévigné zilianza kuchapishwa bila ruhusa ya familia katika miaka ya 1720. Pauline, ambaye alikuwa amelelewa na sauti ya bibi yake, hatimaye aliruhusu toleo rasmi lililoanza kutoka mwaka 1734, miaka miwili tu baada ya kuliuza kasri. Lakini majibu ya mama yake, barua zote zilizotoka Grignan kwenda Paris, yaliangamizwa kwa matakwa ya Pauline. Tunasikia upande mmoja wa mazungumzo ya miaka 25, na upande uliopotea ndio ulioandikwa hapa juu ya jabali. Kwa mtu aliyekuja kuuliza juu ya gharama, hii naihesabu kuwa kubwa kuliko mapaa yaliyofunguliwa mwaka 1793, kwa sababu hakuna Marie Fontaine anayeweza kuzijenga upya.

Barua zilizobaki ndizo zilizoilisha Grignan tangu hapo. Kwa sababu ya barua hizo wasafiri walianza kuja kutazama magofu, sanamu ya shaba ya mwandishi ikasimamishwa uwanjani mwaka 1857, na tangu 1996 kijiji kina tamasha la barua kila majira ya joto. Mshairi Philippe Jaccottet naye aliishi ndani ya kijiji hiki tangu 1953 hadi alipofariki mwaka 2021, akiandika juu ya miti na mwanga wa mashamba yaleyale niliyoyapita kwa basi.

Mchana nilitembea kwenda Rochecourbière, mwendo mfupi kutoka kijijini, kati ya mialoni. Hapo mwamba umejikunja kuwa pango la wazi, na Madame de Sévigné alipenda kuja humo na wenzake wakati wa joto, kula, kupumzika na kusikiliza muziki. Nilikaa juu ya jiwe, nikatoa mkate na kipande cha nougat nilichokuwa nacho tangu Jumanne. Upepo ulikuwa ukivuma juu ya mwamba bila kuingia ndani. Kasri halionekani kutoka pale.